Kuondoa Hewa Ukaa ni Wajibu, Kuuza Ruhusa ya Kuchafua ni Dhuluma



Sifa njema zote zinamstahiki Allah, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa mizani, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika miaka ya karibuni neno kaboni limetoka katika vitabu vya sayansi likaingia sokoni. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa kanuni za kusimamia biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Februari 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini na Tanzania makubaliano ya awali yanayohusu misitu ya hekta takriban milioni 8. Kaskazini yetu, ng'ambo ya mpaka, wanavijiji wa Gazi na Vanga wanauza haki ya hewa iliyofyonzwa na mikoko yao. Sisi tunaoishi Kigombe, baina ya mikoko, mashamba ya mkonge na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, hatuwezi kujifanya kwamba jambo hili halitatufikia. Litafika, na likifika litakuja na karatasi ya kutiwa saini. Ni bora tulizungumze misikitini mwetu kabla karatasi hiyo haijawekwa mezani.

Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo. Kuondoa hewani gesi zinazoipasha dunia joto ni kazi ya kheri, tena ni ya lazima, na watu wa pwani wana sehemu kubwa katika kazi hiyo. Lakini kazi hiyo hugeuka dhuluma pale inapofanywa hati ya kumruhusu tajiri aendelee kuchafua, na pale mwenye msitu anapofungwa kwa mkataba asiouelewa.

Deni la hewa na mizania yake

Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana mjini Paris kwamba katika nusu ya pili ya karne hii kiasi cha gesi kinachotolewa na wanadamu kilingane na kiasi kinachoondolewa. Hiyo ndiyo mizania ya sifuri inayotajwa kila siku katika redio: kinachopanda kisizidi kinachoshushwa.

Wataalamu wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi walieleza katika ripoti yao ya mwaka 2022 kwamba mizania hiyo haiwezi kufikiwa kwa kupunguza moshi peke yake. Zipo kazi ambazo moshi au gesi yake ni vigumu kuimaliza kabisa, kama vile baadhi ya viwanda, ndege za masafa marefu na sehemu ya kilimo. Mabaki hayo ndiyo yanayohitaji kuondolewa. Kwa hiyo anayesema kwamba kuondoa hewa ukaa ni upuuzi mtupu amekosea, na anayesema kwamba kunatosha amekosea zaidi.

Tutazame ukubwa wa deni. Dunia nzima hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba kazi za makusudi za wanadamu za kuondoa hewa hiyo hushusha takriban tani bilioni 2.2 kwa mwaka, na karibu zote hutokana na kupanda na kutunza misitu. Njia mpya za mitambo na nyinginezo, kwa pamoja, hazifiki hata tani milioni 2. Mdaiwa anayelipa shilingi 2 na kukopa 37 kila mwaka hawezi kusema kwamba yumo njiani kumaliza deni.

Mitambo na mikoko

Njia za kuondoa ni nyingi, nazo hazilingani. Huko Iceland kampuni ya Climeworks ilifungua mwaka 2021 mtambo unaovuta hewa ukaa kutoka angani, na mwaka 2024 ikafungua mwingine uliokusudiwa kufikia tani 36,000 kwa mwaka. Hewa hiyo huchanganywa na maji na kusukumwa chini katika miamba ya volkano, na majaribio ya huko yalionyesha kwamba sehemu kubwa yake hugeuka jiwe katika muda wa miaka 2 hivi. Nchini Kenya kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, inajaribu njia ya namna hiyo katika Bonde la Ufa, kwa kutegemea joto litokalo ardhini. Ubora wa njia hii ni kwamba kilichogeuka jiwe hakirudi hewani kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba ni ghali mno na inakula nishati nyingi.

Njia ya pili ni ile tuliyoizoea bila kuijua thamani yake. Mkoko, mchu, mkandaa na mlilana hufyonza hewa ukaa kama miti mingine, lakini siri yao imo matopeni. Majani na mizizi inayokufa huzama katika tope lisilo na hewa ya kutosha, haiozi upesi, na kaboni yake huweza kukaa humo kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko aghalabu huhifadhi kaboni nyingi kuliko hekta moja ya msitu wa bara. Na ndiyo maana pia mikoko inapofyekwa ili kuchimba mabwawa ya chumvi, hasara si ya boriti na fito peke yake: tope lililofunuliwa huachia hewani akiba iliyowekwa kabla ya babu zetu.

Hapa ipo tofauti ambayo wafanyabiashara wa kaboni aghalabu huipitia haraka. Kuzuia gesi isitoke ni jambo moja, na kuondoa gesi iliyokwisha kutoka ni jambo jingine. Anayelinda mkoko uliosimama amezuia madhara mapya. Anayepanda mkoko mahali palipofyekwa ameanza kulipa deni la zamani. Yote mawili ni mema, lakini hayaandikwi katika safu moja ya daftari.

Hesabu ya Gazi na hesabu ya Chongoleani

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale, unastahili sifa. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, wanatunza hekta 117 za mikoko na kupanda mingine. Hesabu yao ni takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zinazopatikana huamuliwa na wanavijiji wenyewe, nazo zimekwenda katika maji safi na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, walio karibu kabisa na mpaka wetu wa Mkinga, waliufuata mfano huo kwa hekta 460.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kando ya nyingine iliyo mlangoni petu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga. Limekusudiwa kupitisha angalau mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja likichomwa hutoa takriban kilo 430 za hewa ukaa. Kila mwenye kujua kuzidisha ataona kwamba mafuta ya siku moja, bomba likijaa, ni zaidi ya tani 90,000. Kwa maneno mengine, kazi ya mwaka mzima ya vijiji viwili vya Gazi inafutwa na mafuta ya chini ya saa moja. Mtambo mkubwa wa Iceland nao, ukifanya kazi kwa uwezo wake wote kwa mwaka mzima, unafutwa kwa mafuta yasiyofikia ya saa 10.

Hatuyasemi haya ili kuwadharau watu wa Gazi. Wao wamefanya wajibu wao kwa uaminifu, na kijiji kilichopata maji hakikupata kitu kidogo. Tunayasema ili msomaji asidanganyike na kipimo. Hakuna pwani yenye mikoko ya kutosha kufuta moshi wa mafuta yote yanayochimbwa. Mikoko ni dawa ya mabaki, wala si kibali cha kuongeza ugonjwa.

Wanafunzi wetu wa madrasa hufundishwa kwamba toba ina masharti: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa limegusa haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe haki yake. Hufundishwa pia kwamba mwenye kuvunja kiapo hutoa kafara kwa kuwalisha maskini 10. Je, tajiri akisema, "Ghala langu limejaa nafaka, kwa hiyo nitaapa na kuvunja kiapo kila siku na kulisha maskini kila jioni," tutamwita mtu wa toba? La hasha. Ameichezea sharia. Na kampuni inayochimba kisima kipya cha mafuta huku ikinunua vyeti vya msitu wa maskini inafanya mfano wa jambo hilo hilo. Uondoaji wa hewa ukaa una heshima yake pale tu unapofuata baada ya kuacha, au pamoja na kuacha, na si mahali pa kuacha.

Masharti ya mwenye kuuza

Biashara ni halali, na hatuoni sababu ya kuwaharamishia wanavijiji malipo ya haki kwa kazi ya kutunza msitu. Lakini mafakihi wameweka masharti ya kinachouzwa: kiwepo, kijulikane, kimilikiwe na muuzaji, na kiweze kukabidhiwa. Tukiyapima mauzo ya kaboni kwa masharti hayo, yanatokea maswali manne ambayo kila kijiji hakina budi kuyauliza.

Swali la kwanza ni la kipimo. Je, tani inayouzwa imeondolewa kweli, au imeandikwa tu? Msitu ambao haukuwa katika hatari yoyote ukiuzwa kana kwamba uliokolewa, mnunuzi ameuziwa hewa kwa maana zote mbili. Sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina la wapunjaji wa vipimo. Kibaba pungufu ni kibaba pungufu, kiwe cha mchele au cha kaboni, na anayepunjwa hapa si mnunuzi pekee bali kila anayevuta pumzi.

Swali la pili ni la muda. Mafuta yalikaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Mti unaweza kukatwa kesho au kung'olewa na dhoruba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania. Basi nani anadhamini msitu ukianguka? Mkataba usiotaja dhamana hiyo umejaa gharari, na aghalabu mzigo humwangukia aliye dhaifu.

Swali la tatu ni la kuuza mara mbili. Tani moja haiwezi kuhesabiwa na Tanzania katika ahadi zake, kisha ikahesabiwa tena na nchi au kampuni iliyoinunua. Anayeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili tunamjua jina lake sokoni.

Swali la nne, nalo ndilo zito kwetu, ni la umiliki na ridhaa. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi iliyo chini ya serikali kuu, na imekuwa hifadhi tangu enzi za ukoloni. Lakini wanaoishi nayo, wanaovua kaa na kamba humo na wanaomwona mkataji kabla ya afisa yeyote, ni wanavijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imefungua mlango wa serikali na vijiji kusimamia misitu kwa pamoja. Basi kabla ya kuuza tani hata moja, na lijulikane kwa maandishi: mwenye haki ya kaboni ni nani, na mgawo wa kijiji ni kiasi gani?

Mifano ya pande zote mbili tunayo. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vilivyokwisha kupima na kumiliki misitu yao kisheria hupata mapato ya kaboni yanayojenga madarasa na zahanati. Upande wa pili, Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho, zilianzishwa kinyume cha katiba bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa yamekwisha kununua vyeti vya mradi huo. Waliouziwa walikuwa mbali, na waliochukuliwa malisho walikuwa nyumbani kwao. Na mkubwa wa kampuni akiwa Mwarabu au Mzungu, Muislamu au asiye Muislamu, masharti hayabadiliki. Jina la mnunuzi halitakasi mkataba.

Wasemao "si letu" na wasemao "tupeni fedha"

Wapo ndugu zetu wanaosema: Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, basi waliochafua wasafishe wenyewe. Hoja ya haki ni sahihi. Lakini bahari haimuulizi mtu kama ni yeye aliyechafua. Matumbawe ya pwani hii yalipauka vibaya mwaka 1998 kwa sababu ya joto la maji, na yamepauka tena tangu hapo. Mama zetu walimao mwani wanajua kwamba ule wa bei nzuri huugua na kukatika maji yanapopata joto, wakabaki na ule wa bei ya chini. Mwenye kudai haki yake haachi nyumba yake ikaungua akisubiri hukumu.

Wapo wengine wanaosema: sisi maskini, waleteni wenye fedha tutie saini. Kwao tunasema kwamba umaskini hauondoi wajibu wa kuuliza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Sura al-Baqara, inahusu mambo ya deni na maandishi yake: kuandika, mwandishi mwadilifu, mashahidi, na walii wa kumsemea asiyeweza kusema. Umma uliopewa mafundisho haya haufai kutia dole gumba katika mkataba wa miaka mingi uliosomwa kwa lugha isiyofahamika kwa mkutano.

Wito wetu

Kwanza, tuanze na kuacha. Anayefyeka mikoko kwa mabwawa ya chumvi, kwa tanuri za chokaa au kwa boriti bila idhini anabomoa ukuta wa kijiji chake. Hatuhitaji mnunuzi kutoka ng'ambo ndipo tuache.

Pili, tutazame mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya jani. Mabaki yake yakiachwa yaoze katika madimbwi hutoa gesi ya methani, ambayo kwa muda wa miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito ule ule. Huko Hale, mkoani mwetu, kampuni ya Katani ilionyesha zaidi ya miaka 15 iliyopita kwamba mabaki hayo hutoa umeme. Elimu ipo karibu, na wenye mashamba na waombwe waieneze.

Tatu, serikali ya kijiji isikubali mradi wowote wa kaboni bila mkutano mkuu wa kijiji, wanawake na vijana wakiwemo, mkataba ukisomwa wote kwa Kiswahili, nakala ikibaki kijijini, na mwanasheria asiyelipwa na mnunuzi akiupitia. Wanaokwenda kufanya majaribio katika bahari, kwa kuzamisha mwani kilindini au kumwaga madini majini ili maji yafyonze hewa zaidi, waonyeshe kwanza ushahidi kwamba hawatadhuru. Kilindi chetu ni makazi ya silikanti, samaki ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka tangu zama za kale. Si uwanja wa kubahatisha.

Nne, mnunuzi naye aulizwe. Tunaishauri serikali na vijiji viweke sharti la wazi kwamba asiyepunguza moshi wake mwenyewe, kwa hesabu inayoonekana mwaka hadi mwaka, hauziwi tani ya mikoko yetu kwa bei yoyote. Watu watasema sharti hilo litawafukuza wateja. Na liwafukuze. Mteja anayekimbia sharti la kuacha kosa hakuja kusafisha, alikuja kununua jina jema kwa bei nafuu.

Tano, maimamu na walimu walichukue jambo hili kama amana. Vijana wa madrasa wakijua kuhesabu mirathi, hawashindwi kuhesabu tani. Wafundishwe kupima mikoko, kuandika kilichopandwa na kilichokufa, na kusoma hesabu za mradi mbele ya watu.

Ndugu zetu, huenda mwenye karatasi akafika mwaka huu, huenda akafika baada ya miaka kumi. Jibu letu na liwe tayari, nalo liwe moja: tutapanda na kutunza, na tutapokea ujira wa haki kwa kazi yetu. Ruhusa ya kuchafua hatuna, kwa hiyo hatuiuzi.

Tunamuomba Allah atujaalie uadilifu katika vipimo na mikataba yetu, na ailinde pwani hii kwa ajili ya watakaokuja baada yetu.

Wabillahi tawfiq.